Ili Umwone Teleka Mgongoni

Teleka ni ndege mwenye dharau. Hatui kwenye waya kama mbayuwayu, hatui mtini, hatui chini. Anakula hewani, anakunywa hewani, na wanaomjua wanasema hata usingizi anaupata huko huko juu. Wewe uko chini, shingo inakuuma, naye anakupita kama jiwe la kombeo, na ukifika kusema "yule pale" ameshavuka kigongo kingine. Ukimtazama dhidi ya mwanga ni mweusi tu. Watu wengi hawajisumbui naye. Kila chenye mabawa marefu kinachoruka jioni wanakiita mbayuwayu, wanaendelea na shughuli zao, na heri yao.

Mimi nilijisumbua. Nafanya kazi ya maji mjini Embu, kukagua mabomba na matangi, na ugonjwa huu wa ndege ulinianzia juu ya matangi hayo, nikiwangoja mafundi ambao hawafiki. Kwetu ni Mbeere, kule chini kwenye joto, lakini nilioa kwa watu wa Kanyakine, kwenye baridi na majani chai. Mke wangu aliizoea darubini yangu kama mwanamke anavyozoea mume anayekoroma. Wageni wakiuliza niko wapi, alikuwa anajibu, "Yuko nje, anahesabu hewa."

Sasa nisikilize. Pande hizi tuna teleka watatu wanaofanana hadi utukane. Wote weusi, wote kidevu cheupe, wote wana alama nyeupe pale mgongo unapokutana na mkia. Wa kwanza ndiye wa mjini, anayejenga chini ya mapaa ya maghorofa: weupe wake ni mpana na mkia umenyooka mwishoni kama uliokatwa kwa makasi. Wa pili ana mkia mrefu wa panda, na weupe wake ni mstari mwembamba, kama mtu amepitisha chaki mara moja akaenda zake. Wa tatu ndiye aliyeninyima raha. Weupe ni mpana kama wa yule wa mjini, ila mkia una panda fupi, kijipengo tu, na hataki nyumba za watu. Analala kwenye mashimo ya kingo za udongo. Mkia unaweza kuubahatisha ukiwa chini. Weupe wa mgongoni huuoni ng'o, kwa sababu umeelekea mbinguni. Ili umwone teleka mgongoni ni lazima yeye awe chini na wewe uwe juu.

Hilo tu ndilo lililonipeleka kwenye kile kigongo. Ningependa lijulikane kabla sijasema mengine.

Ilikuwa Pasaka, nasi tulikuwa ukweni. Mama mkwe wangu ni mjane, anaishi na kitinda mimba wake, shemeji yangu, kwenye boma lililokaa mteremkoni. Chini ya boma kuna ukingo mrefu wa udongo mwekundu uliochimbwa na watu wa kujenga, umejaa mashimo. Ng'ambo ya kijito kuna kigongo kirefu kuliko chao, majani chai matupu mpaka juu. Ijumaa Kuu jioni, watu wakirudi kanisani, niliwaona teleka wakizunguka ule ukingo na mmoja akaingia shimoni. Nusura nipige kelele mbele ya wakwe. Nilimnong'oneza mke wangu, "Ni wale wa udongo!" Akaniambia, "Kunywa chai, baba."

Lazima niseme kidogo kuhusu ukwe, maana wengine mnatoka mahali ambapo mtu humkumbatia mama mkwe na kupiga naye picha. Kwetu Mbeere na kwao Kanyakine, nchi ya Imenti, katika hili, ni kitu kimoja. Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Yeye akija njiani, mimi napisha. Katika lugha zetu hizi za mlimani neno la mkwe na neno la aibu ni watoto wa tumbo moja. Vijana wameyalegeza hayo, sawa. Mama mkwe wangu hakuyalegeza. Miaka yote hiyo alinisalimia akiwa upande wa pili wa uwanja, uso ameugeuzia migomba, akaniuliza habari za kwetu, za mvua, za mama yangu, na upendo wake niliujua kwa sauti tu. Mimi niliupenda mpango huo. Ulikuwa na amani yake.

Jumamosi asubuhi nilivuka kijito, nikapanda katikati ya majani chai mpaka suruali ikalowa umande hadi mapajani. Nilipofika juu nikageuka, na pale walikuwa, teleka kumi au zaidi, wote chini yangu. Chini yangu kabisa! Wanageuka juani, na kila mmoja akigeuka unaona alama nyeupe inawaka na kuzimika.

Kosa la wanaoanza ni kumkimbiza ndege kwa darubini. Humpati. Unachagua mmoja kwa macho matupu, unajifunza mzunguko wake, ndipo unainua darubini na kumtangulia. Nilichagua mmoja. Akaja, akapinda, akanionyesha mgongo wote kama mtu anayepimwa nguo na fundi. Weupe mpana, umeshuka hadi mbavuni. Mkia akautanua kidogo: panda fupi. Kijipengo! "Ndiye," nilisema peke yangu, "haki ya Mungu, ndiye." Moyo ulinipiga kama wa mwizi. Sikutaka kumwachilia, basi nikamfuata akishuka, juu ya ukingo mwekundu, juu ya nyasi za ng'ombe, juu ya migomba, na pale kwenye migomba akanitoka. Ndege alienda. Kwenye darubini akabaki mama mkwe.

Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, nyuma ya zizi, mahali ambapo hakuna mtu wa boma angemwona. Buti moja la mvua lilikuwa kando. Rinda lilikuwa juu ya goti. Alikuwa anafungua kitambaa mguuni, akikibandua polepole kwa maji ya karai, na kilipotoka niliona vidole. Vilikuwa vyeusi. Vyeusi kama kuni iliyozimwa kwa maji, na chini ya kile kikubwa palikuwa na kidonda ambacho gumba lako lingeingia. Wote tulijua ana sukari. Kuhusu mguu alikuwa akisema tu, "Ni baridi imeingia," nasi tukasema pole.

Mtu mwenye adabu angeishusha darubini palepale. Macho hayana pazia, ndiyo, lakini mikono ipo. Mkono wangu haukushuka. Kidole changu kilizungusha lile gurudumu la kusafisha picha, ili nione vizuri zaidi. Hata leo nikikumbuka kile kidole, nasikia joto masikioni.

"Wee baba! Unachungulia nini bomani mwa watu?"

Alikuwa jirani yao, mama mmoja mchuma chai, kikapu mgongoni, amesimama mistari michache tu chini yangu. Sauti yake ilivuka bonde zima. Mama mkwe akainua kichwa, akatazama moja kwa moja nilipokuwa. Yeye hakuweza kuyaona macho yangu kwa umbali ule. Mimi yake niliyaona, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, karibu kama ya mtu mliyeketi naye. Hakupiga kelele. Alishusha rinda, taratibu, akaendelea kunitazama.

"Ndege," nilimwambia yule mchuma chai. "Natazama ndege."

"Ndege wako juu," akasema.

Ungemjibu nini? Kwamba huyu wangu anatazamwa mgongoni? Nilijaribu, Mungu wangu, nilijaribu kweli. Nikasema ndege huyu ana weupe kiunoni, na ili ukione kiuno lazima usimame juu. Alinikodolea macho, akatema mate pembeni, akarudi kuchuma.

Nilipofika bomani habari ilikuwa imetangulia. Chakula kililetwa na mke wa shemeji, akaweka sahani na kuondoka bila karibu. Mama mkwe hakutoka nje kunisalimia. Shemeji alipita na debe la maziwa, akaniangalia kama anayepima mahali pa kunipiga. Mke wangu alinivuta nyuma ya nyumba.

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Teleka. Wale wa udongo. Nimewatambua."

"Ulimwona mama?"

Hapo ndipo. Ningesema ndiyo, mambo yangekuwa mabaya lakini mafupi. Nilimwona mke wangu alivyonitazama, akiomba kwa uso wote nimpe jibu analoweza kwenda nalo jikoni kwa wenzake.

"Sikuona kitu," nikasema. "Ndege tu."

Tulirudi Embu Jumatatu. Kule nyuma hadithi iliota miguu. Mara nilikuwa nimepanda mti. Mara nilikuwa napiga picha. Kwenye kituo cha kupimia majani chai, mke wa shemeji alitupigia simu kutuambia, wananiita "mkwe wa darubini", na watoto wanajikunjia vidole machoni wakicheka. Ningevumilia kuchekwa. Mtu wa Mbeere akioa mlimani anachekwa tangu siku ya kwanza, kwa kuvaa sweta Januari. Lakini mimi nilikuwa na ule mguu kichwani. Nikiwa juu ya tangi nauona. Nikila nauona. Nilipita karibu na hospitali ya Embu nikamwona mzee mmoja na magongo, suruali imekunjwa na kufungwa pini, nikavuka barabara.

Siku moja jikoni kwetu nilijaribu kuingilia dirishani. "Mama angepelekwa kupimwa ile sukari," nikasema. "Na mguu."

Mke wangu alikuwa anapukuchua mahindi. Akaacha. "Mguu? Nimeongea naye jana, anasema umepona. Kwa nini unauliza mguu?"

"Nimeuliza tu."

"Si umeuliza mguu?"

"Jamani, mtu asiulize habari za mkwe wake?"

Akanitazama, akarudi kwenye mahindi. Nikatoka nje nikajifanya natazama anga. Nilikuwa mwoga, hiyo ndiyo habari yote. Nilikuwa nimesema sikuona. Nikisema ule mguu umeoza, nimesema niliona, na nilitazama, na nilimdanganya. Mwanamke anaweza kusamehe kimoja. Nilihesabu aibu yangu na mguu wa mtu mwingine kwenye mzani mmoja, na kila siku aibu yangu ilikuwa nzito zaidi.

Kisha baba mdogo wa mke wangu, ndugu ya marehemu baba mkwe, akaniita. Ni mzee mpole, Mkristo wa kanisa la asubuhi, na alitaka jambo liishe. Tulikaa uwanjani: yeye, shemeji, mimi na mke wangu, na wazee wengine wa ukoo. Mama mkwe alikuwa ndani, mlango umeachwa wazi kidogo ili asikie, kama ipasavyo.

"Mkwe wetu," baba mdogo alisema, "hapa hakuna kesi. Kama mtu ameona asichopaswa kuona, kuna kondoo wa kuchinjwa, kuna maneno ya kusemwa, na itachukua muda watu kusahau. Kama hakuona, anasimama anasema sikuona, tunakunywa chai. Sisi tunajua wewe ni mtu wa ndege. Simama useme."

Alikuwa amenifungulia mlango wote. Mke wangu alinigusa kiwiko. Hata shemeji alikuwa amechoka, nilimwona. Alitaka niseme lile neno moja arudi kwa ng'ombe wake. Nikasimama. Neno lilikuwa mdomoni, limeshatafunwa, tayari.

Ndipo upepo ukaja kutoka mlangoni, na ndani yake harufu. Kidogo tu. Walioishi nayo walikuwa wameizoea, au walidhani ni zizi.

"Niliona," nikasema.

"Uliona ndege," baba mdogo akanisaidia.

"Nilimwona mama. Nilimwona mguu mpaka juu ya goti. Nilitazama, sikuondoa macho. Vidole vimekuwa vyeusi, baba. Mguu unaoza. Si baridi. Tafadhali, mpelekeni hospitali, halafu mnifanye mnavyotaka."

Shemeji alinifikia kabla sijamaliza. Alinishika kola, shati likachanika, akanitukana tusi ambalo kwa Kimeru linamhusu mama yangu, na sikumlaumu. Wazee walimvuta. Mke wangu hakunitazama. Aliinuka akaenda ndani, akafunga mlango. Tukasikia sauti ya mama mkwe ikikataa, "Acha, acha, mwanangu, acha," na kisha mke wangu akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, hata siku alipomzika baba yake.

Pale pale shemeji aliniachia. Yeye ndiye aliyekimbia kutafuta gari.

Hospitalini Nkubu, daktari, mwanamke wa makamo aliyechoka, alifunua mguu, akaufunika, akatuuliza sote tuliosimama pale, "Umekuwa mweusi hivi tangu lini?"

Shemeji akasema hajui, alikuwa anavaa buti. Mke wangu akasema hajui, anakaa Embu. Kisha wote wawili, bila kuambiana, wakageuka kunitazama.

"Tangu Pasaka," nikasema.

"Pasaka?" Daktari alihesabu kichwani. "Na mlikuwa mnangoja nini?"

Alieleza kwamba wakati ule pengine yangekuwa ni mambo ya vidole. Sasa wangekata chini ya goti, na tumshukuru Mungu kama itaishia hapo.

Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Mke wangu aliketi mwisho wa benchi nami nikaketi mwisho wa pili, na katikati mkoba wake.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza nyuma ya nyumba, nikakuuliza tena jikoni, nikipukuchua mahindi. Ulinikalia kimya ukila chakula changu."

"Niliona aibu."

"Ungeona aibu, na mama yangu angekuwa na mguu wake."

Hakupandisha sauti. Mtu akinipigia kelele naweza kumjibu, nina ulimi wangu, wanaonijua wanajua. Kwa sauti ile niliinamia viatu vyangu. Wauguzi walipita wakitusalimia, tukaitikia wote wawili kama watu wema.

Siku iliyofuata mama mkwe aliamka vizuri. Watu wa boma walikuja na uji na ndizi, wakaingia kwa zamu. Mimi nilibaki kwenye ukumbi, mahali pangu. Hivyo ndivyo mkwe anavyofanya, na siku hiyo nilishukuru desturi kuliko siku zote, kwa sababu ilinificha. Ndipo mke wangu akatoka.

"Mama anakuita."

"Mimi?"

"Kwani kuna mkwe mwingine? Ingia."

Nilisimama pazia linapoishia. Mama mkwe alikuwa ameegemezwa kwenye mito, kichwa wazi, nywele nyeupe ambazo sikuwa nimewahi kuziona. Nikageuza uso dirishani.

"Hapana," akasema. "Nitazame."

Nikamtazama. Alizungumza Kimeru polepole, ili mimi Mmbeere nisikose neno.

"Siku ile nilikuona."

"Najua, Mama. Nisamehe. Sikukusudia kutazama, na nilipotazama sikuacha."

"Sisemi kutazama." Alifumba macho, maumivu yakampita, akafumbua. "Mimi mwenyewe sikuweza kusema. Mdomo ulikataa. Nikifikiria wanangu wanaona uchafu ule, nafunga kitambaa tena. Basi siku ile ulipoona, nilishusha rinda nikasema, asante Mungu, sasa kuna mtu anajua. Atamwambia mke wake. Watakuja wanikemee, wanibebe kwa nguvu." Akavuta pumzi. "Nikangoja. Kila gari lililosimama kule barabarani nilisema ni nyinyi. Mwanangu, nilikungoja sana."

Alisema bila ukali, kama mtu anayemweleza mgeni njia ilivyo. Nje ya dirisha mtu alikuwa anaosha ndoo. Shuka ilikuwa imelala godorani pale mguu ulipotakiwa kuwa, nami nikaitazama hiyo, kwa kuwa yeye alikuwa bado ananitazama usoni.